Bob Collymore: tumemkumbuka kwa saksofoni, tukasahau kwamba alikuwa mnunuzi

KaraniWaTenda (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite.

Jumapili mpwa wangu alikuja hapa nyumbani, mtaa wa Umoja, Nairobi. Amemaliza kidato cha nne, gredi yake si ya kuficha, lakini habari za chuo hataki hata kuzisikia. Mamake alinituma nimkanye. Nikamwekea chai, nikaanza taratibu kama wazee wanavyoanza, na sijafika mbali akanikata: "Mjomba, Bob Collymore hakuwa na digrii na alikuwa mdosi wa Safaricom."

Chai ikanipalia. Hakudanganya, Collymore aliongoza kampuni ile ya simu mpaka kifo chake 2019, lakini hadithi aliyoipata imekatwa kichwa na miguu, kimebaki kiwiliwili. Sikuwa na majibu pale pale. Nimelala nayo siku tatu, leo naiweka hapa.

Collymore alizaliwa Guyana Januari 1958, akalelewa na bibi yake. Akiwa na miaka 16 akamfuata mama Uingereza. Nafasi ya chuo kikuu aliipata. Alichokosa ni ufadhili wa serikali, kwa sababu hakuwa ameishi kule muda uliotakiwa. Basi mtu huyu hakukikataa chuo, alishindwa na karo. Wakenya mnalijua hilo vizuri kuliko mimi. Akaingia kazini, akapitia British Telecom, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akafika Vodafone.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mnajua kazi yake Vodafone ilikuwa nini? Kununua simu. Alianza na ununuzi wa simu za mkononi za Uingereza, kisha akapewa za kundi zima duniani. Kabla ya Japani, alikopelekwa 2003, kabla ya Afrika, alikotumwa 2006, kabla ya hotuba na tuksedo, alikuwa mtu wa kukaa mezani na watengenezaji na kuvutana nao bei mpaka usiku.

Mimi niko ofisi ya manunuzi mwaka wa kumi na saba huu, kampuni moja ya Industrial Area ambayo siitaji kwa kuwa bado inanilisha. Maisha ya mnunuzi ni ya ajabu. Kila anayekusalimia ana kitu cha kukuuzia. Desemba kapu linaletwa nyumbani na kijana usiyemjua, na kijana anajua jina la mtoto wako. Kotesheni tatu zinafika kwa barua pepe tatu kutoka kampuni tatu, ukizisoma zote zimekosea tahajia ya neno lile lile mahali pale pale. Unajua bei halisi ya kila kitu, kuanzia karatasi za kuchapia hadi jenereta. Na kwa kuwa unajua bei, unajua pia kilichoongezwa juu ni cha nani.

Mwaka fulani niliandika barua kuhusu msambazaji aliyekuwa akituletea vipuri vikuukuu vilivyopakwa rangi, kwa bei ya vipya. Kilichotokea kwa msambazaji ni hakuna. Mimi nilihamishiwa stoo miezi minane, nikawa nahesabu boliti.

Kwa hiyo 2015, Collymore alipotangaza mali yake na mshahara wake hadharani, mimi sikushangaa tarakimu kama wenzangu waliokuwa wakipigia hesabu gari lake kwenye mathree, yaani matatu. Nilishangaa nani anasema. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Maafisa wa umma wetu wanajaza fomu za mali tangu sheria ya maadili ya 2003, zinafungiwa kabatini na wewe mwananchi huzioni. Yeye hakuwa hata afisa wa umma. Lakini mtu aliyepita manunuzi anajua kwamba swali la kwanza si "umeiba?" Swali la kwanza ni "ulikuwa na nini ulipoingia?" Usipoliandika hilo mwanzoni, baadaye hakuna ukaguzi utakaokusafisha wala kukushika.

Sasa turudi Novemba 2010, alipomrithi Michael Joseph. Wengi mmesahau hali ilivyokuwa. Agosti ile Zain, kampuni shindani ya simu, walishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, Safaricom wakafuata, soko zima likawa vita. Joseph alikuwa mtu wa mitambo, ameijenga kampuni tangu 2000, M-Pesa imezaliwa Machi 2007 mikononi mwake. Anaingia mgeni mpole, suti imemkaa, anaongea kama mtangazaji wa redio ya usiku. Tulimpa miezi sita. Faida ikashuka kutoka bilioni 15 hadi bilioni 13, mwaka uliofuata ikawa kama 12.6. Akapandisha bei ya kupiga 2011, kelele zikawa nyingi, hakurudi nyuma. Kisha M-Shwari, ile mikopo ya simu, Novemba 2012, kisha Lipa na M-Pesa, na mambo yakageuka. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2019, faida ilikuwa zaidi ya bilioni 62. Hisa iliyouzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008 ilikuwa imepita 25.

Lakini sikuanzisha uzi kwa sababu ya faida. Ninachouliza ni hiki: yule Collymore wa kamati za Umoja wa Mataifa, wa mchango wa njaa wa 2011, wa kufadhili muziki wa watoto wa mtaa wa mabanda wa Korogocho, wa kupigia kelele rushwa, alikuwa kiongozi wa jamii kweli au alikuwa kampuni iliyovaa uso wa binadamu? Na mpwa wangu nimwambie nini?

RongaiUsiku

Mzee umeandika vizuri, lakini mimi sinunui.

Chukua mtoto wa Korogocho. Mamake ananunua bamba (kadi ya muda wa maongezi) ya shilingi 20, anatuma pesa kijijini, anakatwa ada. Sehemu ya ile ada inanunua violini. Violini inarudi Korogocho ikiwa na kamera tatu nyuma yake. Anayepigiwa makofi ni nani? Aliyebeba violini. Mama aliyeilipia hata hajui ameilipia.

Halafu tuseme ukweli wote. 2014 kampuni ilipewa kazi ya mawasiliano na kamera za polisi, karibu bilioni 15, bunge likazozana wee. 2016 ripoti ya ukaguzi ikavuja, imejaa maswali kuhusu manunuzi, ndiyo, MANUNUZI, ya kampuni hiyo hiyo chini ya huyo mnunuzi wako. 2017 NASA, muungano wa upinzani, wakawaambia wafuasi wao wasuse bidhaa zake. Na wakati wote huo serikali ilikuwa na asilimia 35 ya hisa. Kiongozi wa jamii ambaye mwanahisa wake ni serikali atamkemea nani?

Shiru_K

Kwani tuksedo iliwakosea nini? 😂

KaraniWaTenda

RongaiUsiku, la ukaguzi nilijua litakuja, na sikuliacha kwa bahati mbaya. Nililiacha kwa sababu linaniuma.

Nakubali ripoti ilivuja na ilikuwa na maswali mazito. Ila nikwambie kitu kama mtu wa kazi hiyo. Kampuni ambayo haiibiwi kwenye manunuzi sijaiona, ninachoona ni kampuni inayojikagua na isiyojikagua. Pale kwetu ukaguzi wa tenda haujawahi kuvuja, na sababu ni rahisi, haujawahi kufanyika. Kwa hiyo ripoti ile naisoma kwa macho mawili. Jicho moja linaona uozo. Lingine linamwona mtu aliyekubali taa iwashwe chumba chenye panya. Kama panya wote walitoka, hilo ni swali lingine, na sina ushahidi wa kukujibu.

La serikali kuwa mwanahisa nakuachia. Hapo umenibana.

MamaBrass_Koch

Mimi ni mkaaji wa Korogocho, si msomaji wa magazeti. Naomba niseme kwa urefu kwa sababu kila mtu anatusemea.

Kwanza mnisikilize vizuri: Ghetto Classics, huo mradi wa muziki wa watoto wetu, haikuanzishwa na Bob. Ilianzishwa na Elizabeth Njoroge na shirika lake la Art of Music, pale kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, kabla Bob hajakuwa mkuu wa Safaricom. Wakati ule hakukuwa na kamera. Kulikuwa na watoto wachache, vyombo vichache, na moshi wa jaa la Dandora. Upepo ukigeuka hata mpiga tarumbeta anakohoa. Wanaume wakiingia hadithi baadaye, mwanamke aliyeanza anageuka kuwa "mshirika". Msifanye hivyo.

Pili, pesa za kampuni zilikuja na zilisaidia. Tamasha la jazi lilianza 2014, mapato yakaenda kwa watoto. Mwaka huo huo ikaundwa okestra ya vijana ya Safaricom, ikichanganya watoto wa mitaa yetu na watoto wa shule za kulipia. Kijana wangu alikuwa tromboni. Siku ya kwanza alirudi na ile kitu imefungwa kwa leso yangu mpya, majirani wakanijia wakidhani ni bomba la maji ameng'oa mahali. Akaanza mazoezi. Mlango wa kushoto wakagonga, wa kulia wakagonga. Mwezi wa tatu wakaacha kugonga. Mwezi wa sita jirani wa kushoto, ambaye ni mlevi sana Mungu amsaidie, akamwomba apige wimbo wa kanisani wa mazishi ya mamake.

Wa Rongai anasema violini ilikuja na kamera tatu. Ni kweli, zilikuwa zinakuja. Lakini Bob alikuja pia siku ambazo kamera hazikuwepo. Alikuwa anajifunza saksofoni ukubwani, na watoto hawana adabu ya ofisini, walikuwa wakimcheka akikosea. Anacheka nao. Mtu anayekubali kuchekwa na mtoto wa Koch akiwa hana mpiga picha, mimi siwezi kumwita kampuni.

Kijana wangu hakuwa mwanamuziki. Ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi. Lakini anasoma noti, na anafika kazini kabla ya saa mbili bila kuamshwa, kwa sababu okestra haimngoji mtu. Nikiulizwa hesabu yangu, ndiyo hiyo.

RongaiUsiku

Mama, kwa heshima zote nimekusikia. La Elizabeth Njoroge sikulijua. Hoja yangu ya ada naishikilia, ila ya kamera naipunguza makali.

MamaBrass_Koch

Shikilia baba. Hata mimi ada inaniuma.

Msimbazi2

Salaam kutoka Dar, wakuu. Niruhusuni nichungulie uzi wa jirani.

Mwaka 2019 ulitutesa pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Mei 2 sisi tulimpoteza Reginald Mengi. Julai 1 ninyi mkampoteza Collymore. Desemba akaondoka Ali Mufuruki, na huyu wa mwisho alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Vodacom Tanzania, yaani ukoo mmoja wa kampuni na Collymore.

Nawaleta watatu pamoja kwa sababu mleta uzi anauliza mtu wa kampuni anageukaje kuwa wa jamii, na wale watatu walipita njia tatu tofauti. Mengi alikuwa mhasibu, akafika juu kabisa katika Coopers & Lybrand, kisha akajitegemea na kujenga IPP, kundi lake la makampuni. Akitoa, anatoa chake: chakula cha kila mwaka na watu wenye ulemavu, miti Kilimanjaro. Mufuruki alikuwa injinia wa mitambo aliyesomea Ujerumani, mfanyabiashara, na mchango wake mkubwa ulikuwa mdomo. Aliwaunganisha wakurugenzi wakuu wa makampuni wawe na sauti moja, na akasema mambo ambayo wenye biashara hunong'ona. Collymore hakuwa mmiliki. Alikuwa mwajiriwa. Hapo ndipo ugumu ulipo: Mengi akigawa alikuwa akitia mkono mfuko wake, mwajiriwa anagawa cha wenye hisa, kwa hiyo inabidi kila mwaka awaaminishe watu wa hesabu kwamba tromboni nayo ni biashara. Mimi naona mwajiriwa anayefaulu hilo miaka tisa si mtu wa kubezwa.

Lakini mkuu KaraniWaTenda, umemsahau wa kwenu wa asili. Manu Chandaria je?

KaraniWaTenda

Sijamsahau, mkuu. Manu Chandaria, mzaliwa wa Nairobi, 1929. Ukigongwa na bodaboda leo ukapelekwa Nairobi Hospital, mlango wa dharura una jina lake. Yeye ndiye mwenyekiti mwanzilishi wa KEPSA, muungano wa sekta binafsi. Ila ni mwenye mali, yuko upande wa Mengi kwenye mizani yako. Mizani yenyewe naiazima, imenisaidia.

GithuraiMwisho

Mnazunguka mno. Mkitaka kujua meneja mzuri anageuka kiongozi gani, tulishajaribu hapa hapa Nairobi. Evans Kidero alitoka kiti cha mkurugenzi mkuu wa Mumias Sugar, 2013 akawa gavana wa kwanza wa jiji. Tukaambiwa sasa tumepata mtu wa mahesabu. 2017 jiji likamwacha likamchukua Mike Sonko, na Sonko naye Seneti ikamng'oa Desemba 2020. Mumias yenyewe ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyozama kwenye madeni, Septemba 2019. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia "huyu ameongoza kampuni kubwa", namuuliza City Hall kuna wanahisa wangapi? Kampuni mteja asiyelipa unamkatia. Jiji, asiyelipa ndiye anayepiga kura.

Collymore alikuwa na akili, hakugusa siasa ya kura.

Shiru_K

Hapo Githurai umemaliza. Lakini angegusa angeanguka wapi, kata ya Westlands? 😂

MwanaMvita_

Assalaam aleikum. Mie nataka kuongea la mazishi, maana ndilo lililonifunza zaidi kuliko hizo bilioni zenu.

Alifariki Jumatatu, Julai 1, 2019, nyumbani kwake Nairobi. Saratani ya damu. Alikuwa ameondoka kazini Oktoba 2018 kwenda kutibiwa London, akarudi, akaingia ofisini tena, akakaa mbele ya kamera akaeleza ugonjwa wake kwa jina lake. Jumanne akachomwa Kariokor. Alhamisi ibada ya kumbukumbu kanisa la All Saints. Kwisha.

Bara iligutuka! Nakumbuka nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nimekaa mkahawani karibu na Khoja, watu hawazungumzi jingine. "Jana kafa, leo wamemchoma? Kamati ya mazishi iko wapi? Mchango je? Gari la maiti kwenda mashambani je?" Mie Mswahili nikicheka kimoyomoyo, kwani kwetu maiti akifa asubuhi alasiri yuko ardhini, ingawa kuchoma hatuchomi. Lakini nilielewa kilichowagusa. Mtu mwenye uwezo wa kuwekewa matanga ya mwezi alichukua saa 24.

Na mwezi ule ule, mnakumbuka? Julai 26 akafa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, saratani. Naye akachomwa, na ugomvi wake ukawa mkubwa zaidi. Julai 29 akafa Joyce Laboso, gavana wa Bomet, saratani. Watatu mwezi mmoja. Mpaka hapo saratani kwetu ilikuwa "ugonjwa mrefu" na "kuugua kwa muda". Baada ya mwezi ule nimesikia wanaume wazima wakitaja jina la uvimbe wao barazani. Sisemi Collymore ndiye sababu. Nasema alikuwa wa kwanza kati ya wale watatu, na alikuwa amesema mapema, akiwa hai, kwa mdomo wake.

Wallahi hilo halikununuliwa na ada ya mtu.

RongaiUsiku

Mwana Mvita, na lile kundi la marafiki wake waliojiita Boys Club? Walisimama pale All Saints wakahadithia walivyokuwa wakikutana kwake anapougua, mji mzima ukaanza kuuliza "wewe Boys Club yako ni akina nani?" Nilikaa kwenye mathree ya Rongai jioni ile nikahesabu wangu. Nilipata wawili, na mmoja ana deni langu.

MwanaMvita_

Basi huyo mmoja hakutoroki. Una bahati.

WakalaPipeline

Mimi nina kibanda cha M-Pesa Pipeline tangu 2011. La jamii sijui, najua la wateja.

Mnaisifu M-Shwari kama vile ilishuka na mana. Ilipoanza ilikuwa mkopo wa siku 30, ada asilimia 7.5. Kwa mama mboga anayekwenda soko la Marikiti saa kumi alfajiri ni nafuu kuliko shailoki, mkopeshaji wa riba wa mtaani, na hakuna anayekuja kubeba televisheni yako. Lakini kuna mteja anayekopa kununua nyanya na kuna anayekopa kulipa alichokopa juzi, na simu haiwezi kuwatofautisha. Fuliza, ya kutumia zaidi ya salio la M-Pesa, ilipokuja Januari 2019 hata neno "sina pesa" lilibadilika maana. Siku hizi mtu akiwa hana, ana minus.

Simlaumu Bob peke yake. Mabenki yote yalikuwa yanamkimbia huyu mama mboga, ghafla yote yanamtaka. Nasema tu kwamba mkimwandika Bob kwenye daftari la wema, ukurasa wa mikopo msiuchane.

Halafu jamani, ule mchango wa 2011 wa njaa. Msalaba Mwekundu, benki ya KCB, vyombo vya habari na wakfu wa Safaricom. Lengo milioni 500 kwa wiki nne, likapitwa mapema. Nilikuwa ndio kwanza nimefungua. Walikuja watoto wa shule na sarafu mkononi, wanaziweka kwenye simu ya mwalimu ili azitume Turkana. Nilihesabu sarafu mpaka vidole vikawa vyeusi. Siku zile hakuna aliyeniuliza kama kampuni ina uso wa binadamu.

KaraniWaTenda

Wakala, hilo la ukurasa usichanwe naliandika ukutani ofisini. Asante.

Wanjala_Jnr

Uncle.

Ni mimi. Nimejua ni wewe kwa ile "kichwa na miguu, kimebaki kiwiliwili", maana uliisema pia kuhusu bajeti ya harusi ya dada.

Sasa nijibu mbele ya wageni. Umeandika mengi lakini hesabu yako inanipa haki. Bob alizaliwa 1958, akapewa kiti 2010, yaani alikuwa na miaka 52. Alianza kazi akiwa kijana. Kwa hiyo bila digrii njia ilimchukua zaidi ya miaka thelathini, na ni Uingereza ya miaka ya sabini, ambako mtu angeweza kuingia kampuni ya simu kama karani na kupanda. Hapa kazi ya ukarani inatangazwa wanataka digrii na uzoefu wa miaka mitano. Mimi sikusema sitaki kusoma. Nilisema sitaki miaka minne ya kozi niliyopangiwa na kompyuta halafu nikae kwako Umoja nikichaji simu. Nataka kusomea umeme, chuo cha ufundi Kabete. Mama hakunipa nafasi ya kumaliza sentensi. Wewe pia.

Na ile chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

Shiru_K

Uzi umepata mwenyewe!! Naleta kiti.

Msimbazi2

Kijana ana hoja, mkuu. Mufuruki alikuwa fundi kabla hajawa mwenyekiti.

KaraniWaTenda

Wanjala, umenishika mahali penye kidonda. Ni kweli sikukuacha umalize. Nilifika na jibu la mamako mfukoni nikawa natafuta tu nafasi ya kulitoa. Kama ni umeme Kabete, mimi sina neno, na mamako nitaongea naye mwenyewe. Leta cheti cha kuzaliwa na matokeo tujaze fomu pamoja, maana wewe na fomu najua. Njoo Jumamosi. Jumapili nina chama.

RongaiUsiku

Kabla hujaondoka mzee. Umemsifu Collymore kwa kutangaza mali yake bila kulazimishwa. Umekaa manunuzi miaka kumi na saba. Tangaza yako.

GithuraiMwisho

Hahaha. Sasa ndio uzi.

MamaBrass_Koch

Asilazimishwe.

KaraniWaTenda

Hapana mama, mwacheni. Ameuliza sawa.

Nina ploti moja ya 40 kwa 80 upande wa Kamulu, imelipwa kwa mkopo wa sako, mkopo umebaki miezi kumi na moja. Nyumba ninayoishi ni ya kupanga. Gari ni la 2006, nililinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Akiba ya sako sitaiandika kwa kuwa mke wangu anasoma humu. Nina hisa za Safaricom za ile ofa ya 2008. Niliomba nyingi kuliko nilizopewa, kama kila mtu, na sijawahi kuziuza.

RongaiUsiku

KUMBE UNA HISA! Umeandika maneno elfu moja ya kumsifu mdosi wa kampuni yako!

KaraniWaTenda

Ningeandika hilo mstari wa kwanza. Ni kosa na ni la aina ile ile niliyokuwa nikiwahubiria.

Na la mwisho, kwa kuwa nimeanza. Makapu ya Desemba niliyarudisha yote, isipokuwa la mwaka niliotoka stoo. Lilikuwa na mchele kilo kumi, mafuta lita tano na chupa ya sharubati. Watoto walikuwa wamelifungua kabla sijafika nyumbani, na mtumaji alikuwa yule yule wa vipuri.

RongaiUsiku

Na tenda yake?

KaraniWaTenda

Januari alipata. Sikuwa nimeisaini mimi, lakini sikuandika barua ya pili.